Leso Zote Nimefua

"Wewe ndiye uliyeweka maji ya moto!"

"Sikuweka."

"Uliweka! Nani mwingine ameshika hiyo mashine?"

"Nimesema sikuweka. Nilizungusha kitufe mpaka kwa baridi. Baridi! Ama hujui kusoma?"

"Kwa hiyo rangi hii imeshuka kutoka mbinguni?"

"Ati mbinguni. Mimi nitajuaje? Ziulize leso zenu!"

Aliyekuwa anapiga kelele alikuwa Elieth, msichana wa miaka kumi na miwili. Aliyekuwa anajibu alikuwa rafiki yake Lorraine, aliyemzidi mwaka mmoja. Walikuwa wamesimama mbele ya mashine ya kufulia, chumba cha chini nyumbani kwa kina Lorraine, Germantown, Marekani. Sakafuni, kwenye beseni, kulikuwa na blanketi lililolowa. Lilishonwa kwa vipande vya nguo vya njano na vya bluu, vyekundu na vyeupe. Sasa vyeupe havikuwepo tena. Kila palipokuwa peupe palikuwa pamepakaa wekundu, kama mtu aliyejikata kidole akapangusia hapo.

Mama Lorraine alisikia kelele, akashuka ngazi mbio. Jina lake Chepkoech, Mkenya wa Kericho, muuguzi. Aliliona blanketi. Akashika mdomo.

"Lorraine. Nilikuambia nini?"

"Maji baridi, Mum. Na niliweka baridi."

"Na hii ni nini?"

"Sijui!"

"Hujui? Wiki sita tunashona. Wiki sita! Baba yake Elieth anasafiri Jumapili, wewe unaniambia hujui? Umeziba maskio au umeziba akili? Usiguse cherehani yangu tena mpaka mwezi uishe."

"Mum! Maonyesho ya shule ni Ijumaa. Mkoba wangu umebakiza mishikio tu!"

"Ungeyafikiria hayo kabla."

Lorraine alimgeukia Elieth. Alimtazama tu, akingoja aseme kitu. Elieth alitazama beseni.

Sasa nikuambie ukweli. Elieth alijua rangi imetoka wapi. Alijua tangu alipoliona blanketi lile. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kupiga kelele.

*

Mama yake Elieth aliitwa Bupe. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulea wazee huko Rockville. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Mwezi wa kumi na moja madaktari wakasema ana saratani. Mwezi wa tatu akafa. Basi, hivyo tu. Miezi minne.

Baba yao, Eliudi, dereva wa basi la kaunti, alisafirisha mwili kwenda kuzika Tukuyu. Elieth na mdogo wake Gwakisa, wa miaka sita, walibaki. Za baba zilikuwa tayari, lakini karatasi zao za uhamiaji zilikuwa hazijatoka, na ukitoka Marekani bila hizo unaweza usirudi tena. Kwa hiyo mazishi ya mama yao waliyatazama kwenye simu, sebuleni kwa Mama Lorraine, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai.

Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika. Picha ikaganda. Jeneza likabaki limening'inia kwenye kamba, haliko juu, haliko chini. Walipopata picha tena, watu walikuwa wanaweka maua.

Tangu siku ile Gwakisa alikuwa akiuliza, "Mama alifika chini?"

"Alifika," Elieth anamjibu. Lakini yeye mwenyewe hakuona.

Mwaka ukaisha. Baba akapanga kurudi Tukuyu kujengea kaburi. Karatasi za watoto bado. Siku aliyowaambia kwamba watabaki tena, Elieth hakulia. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mama Lorraine ndiye aliyetoa wazo. "Kama watoto hawaendi," alisema, "basi kitu chao kiende. Mnazo nguo za mama yenu?"

"Ziko kwenye sanduku," Elieth alisema.

"Zileteni. Tutashona kwilti. Baba yenu atampelekea nyanya."

Gwakisa alicheka. Kwake nyanya ni ile ya kukatia kachumbari. Ilibidi dada yake amweleze kwamba Wakenya wakisema nyanya wanamaanisha bibi.

Kwilti ni blanketi la vipande. Juu kuna vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati kuna pamba, chini kuna kitambaa kizima, halafu unashona kupita zote tatu ili zishikane. Mama Lorraine alijifunza kwa bibi mmoja mzungu aliyekuwa mgonjwa wake. Bibi yule alikufa, akamwachia cherehani na makopo matatu ya vipande. "Na uvumilivu," Mama Lorraine husema. "Lakini huo nimeshaumaliza."

Basi ikawa kila siku saa kumi, basi la shule likishawashusha, Elieth na Gwakisa wanavuka maegesho ya magari mpaka mlango wa pili kutoka mwisho.

"Shikamoo Anti."

"Marahaba, marahaba." Kwao Kericho hawana shikamoo, kwa hiyo aliitikia mara mbili ili asikosee.

Siku ya kwanza alimwaga nguo za Bupe mezani, akazipanga. Vitenge viwili. Sare ya kazini, ya bluu. Blauzi nyeupe ya kwaya. Na kanga tatu.

"Sikilizeni. Kabla hujakata, unafua. Kila kitu. Hasa hizi leso."

Elieth aligeuza nguo, akatafuta. "Leso gani, Anti?"

"Si hizi?" Mama Lorraine aliinua kanga.

"Hizo ni kanga! Leso ni ya kupengea kamasi!"

Lorraine alicheka mpaka akakaa chini. "Huko kwenu mnapenga na kitu kikubwa hivyo?"

"Hapana, wewe! Leso ni kile kitambaa cha mfukoni."

"Sawa, Mtanzania," Mama Lorraine alisema akicheka naye. "Mimi nikisema leso, ujue ni kanga. Tumeelewana? Nguo ambayo haijawahi kufuliwa ina dondo, ule ugumu wa dukani, na ina rangi iliyozidi. Ukishona bila kufua, siku ikikutana na maji inachuja. Inapaka wenzake wote. Fueni nyumbani, mkaushe, mpige pasi, mniletee."

Wiki nzima ile Lorraine alikuwa akimwona Elieth kwenye korido ya shule anamuuliza, "Umebeba leso? Ya kamasi ama ya kuvaa?" Wakawa wanacheka wao wawili, wengine hawaelewi.

Kwa hiyo Elieth alielewa. Hilo ulikumbuke.

*

Katika zile kanga tatu, moja ilikuwa nyekundu yenye madoa meupe, na chini imeandikwa NAKUKUMBUKA MAMA. Bupe aliinunua siku alipoondoka Tanzania. Kanga huuzwa mbili mbili, doti. Akaikata, nusu akampa mama yake, nusu akaja nayo. Miaka minne ilikaa kwenye sanduku, mpya, haijaguswa na maji. Aliitoa alipougua. Nywele zilipokwisha akaifunga kichwani. Ndani ya kanga ile ndimo alimolala wiki zake tatu za mwisho.

Nayo ilikuwa inanuka yeye. Mafuta ya nazi, sabuni ya hospitali, na kitu kingine kisicho na jina, harufu ya shingo ya mama. Elieth aliiweka chini ya mto wake. Kila asubuhi, baba akiwa ameshakwenda kazini, kabla ya kunywa uji, Gwakisa alikuwa anakuja kitandani kwa dada yake. Elieth anainua mto. Wananusa, kila mmoja mara moja tu, ili isiishe haraka. Halafu wanavaa viatu wanakwenda shule.

Sasa mtu aifue hiyo? Kwa mikono yake?

Alifua vitenge. Alifua sare, alifua blauzi, alifua kanga mbili zile nyingine. Ile nyekundu akaikunjua, akaikunja tena. Akaiacha. Kama inakwenda kwa bibi, iende na mama ndani yake. Halafu akachukua vitambaa viwili vya mfukoni vya baba yake, akavifua pia. Hakuna aliyemwambia avifue.

Kesho yake Mama Lorraine akauliza, bila hata kuinua macho kwenye cherehani, "Leso zote umefua?"

"Ndiyo Anti. Leso zote nimefua."

Unaona alichofanya? Leso za baba yake alikuwa amefua kweli. Moyoni akajiambia, sijadanganya.

Walikata. Walitumia kikata chenye gurudumu, kama kile cha kukatia piza, na rula ya plastiki. Kila kipande inchi tano kwa tano. Elieth alikata sare ya mama yake bila kusita, ila kwenye mfuko wa kifuani, pale kalamu ya mama ilipovujia wino, alisimama kidogo. "Hapo paache," Mama Lorraine alimwambia. "Doa lake liende naye." Wakakikata kipande na doa lake.

Jina la kanga, yale maneno NAKUKUMBUKA MAMA, walilikata zima wakaliweka katikati. Nyekundu iliyobaki wakaizungushia pembeni pande zote nne. Kutoka kwenye blauzi nyeupe wakakata kipande kikubwa. Gwakisa akaweka kiganja chake juu, Lorraine akachora kukizunguka kwa chaki, na Elieth akadarizi mstari ule kwa uzi wa bluu. Wakapanga matabaka, wakapiga bandi, mishono mirefu ya muda, ili yasiteleze, halafu Mama Lorraine akapitisha cherehani, mistari mirefu, mmoja baada ya mwingine, mguu wake ukikanyaga na kuachia.

Elieth hakujua kitu kimoja. Kwilti ikishakwisha, inafuliwa. Lazima chaki itoke na nyuzi zilegee. Kwilti ilikwisha Jumanne, na siku hiyo alichelewa kutoka shuleni kwa ajili ya mtihani wa hesabu. Mama Lorraine akamwambia binti yake, "Litie kwenye mashine, maji baridi." Lorraine akalitia, maji baridi.

Yaliyofuata umeshayasikia.

*

Jumanne ile Mama Lorraine alilisuuza kwa maji ya bomba na kulitandaza kwenye kamba. Alilia kidogo akijifanya anapiga chafya. Baba Elieth alipokuja kulitazama, alisimama muda mrefu na kofia ya kazi mkononi.

"Litakwenda hivyo hivyo, Mama Lorraine," alisema. "Ahsante kwa kazi yako."

"Nisamehe, Baba Elieth. Ni huyu msichana wangu."

"Ni mtoto."

Elieth alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Walipotoka watu wazima, alisogea kwenye kamba akaweka pua kwenye ile nyekundu. Sabuni. Sabuni tupu. Alinusa huku na huku, pembe zote nne. Mama yake hakuwemo.

Jumatano Lorraine hakukaa naye kwenye basi. Alhamisi vilevile.

"Dada, kwa nini Lorraine amekasirika?" Gwakisa aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Aliharibu kwilti."

"Kwani alifanya nini?"

Elieth alimvuta zipu ya koti mpaka shingoni.

Ijumaa ikawa siku ya maonyesho. Ukumbi wa michezo ulijaa meza, na kila meza kazi ya mikono ya mwanafunzi. Kulikuwa na vinyago, mito, ndege wa karatasi. Mwalimu alipita akisoma majina. Alipofika kwa Lorraine, meza ilikuwa tupu, ina kadi ya jina tu.

"Kazi yako iko wapi?"

"Sijamaliza," Lorraine alisema.

"Ulikuwa na miezi miwili."

"Najua. Sijamaliza."

Angeweza kusema. Angeweza kumnyooshea Elieth kidole mbele ya ukumbi mzima, akasema huyu ndiye aliyenisingizia. Aliichukua kadi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Elieth alikuwa meza ya tatu kutoka pale. Aliona kila mkunjo.

Jioni ile hakungoja Gwakisa amalize kuvaa viatu. Alivuka maegesho peke yake. Mama Lorraine alikuwa anapiga pasi sare zake.

"Shikamoo Anti."

"Marahaba, marahaba. Mbona unahema?"

"Lorraine hakuweka maji ya moto."

Pasi ilisimama.

"Ile nyekundu sikuifua. Nilikudanganya. Uliponiuliza leso, nikasema nimefua leso, lakini nilifua za baba. Za mfukoni. Nilijua unasema kanga. Nilijua, Anti."

Mama Lorraine alichomoa waya wa pasi ukutani. Juu ya ngazi, ubao mmoja ulilia. Lorraine alikuwa ameketi pale, magoti kifuani, anasikia kila neno.

"Kwa nini?" Mama Lorraine aliuliza.

"Ilikuwa inanuka Mama." Elieth alishika ukingo wa meza ya pasi. "Ningeifua angeondoka. Tulikuwa tunainusa asubuhi. Mimi na Gwakisa. Mara moja moja tu."

Mama Lorraine alikaa kwenye kiti. Alikaa vibaya, kama mtu aliyesukumwa.

"Kuja hapa," alisema.

Elieth akasogea. Alidhani atapigwa. Mama Lorraine alimshika mabega yote mawili.

"Mtoto wangu, ungeniambia. Unajua ningefanya nini? Ningekata kipande kidogo, hivi, kabla ya maji. Ningekitia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, nikaubana hewa yote itoke, nikakupa. Ungebaki nacho miaka. Hiyo iliyobaki tungeifua, tukashona. Ungekuwa na vyote viwili. Lakini ningekusaidiaje na kitu ambacho umenificha?"

Hapo ndipo Elieth alipolia. Mwaka mzima hakuwa amelia vile, mdomo wazi, kamasi zinashuka, na hakuwa na leso, wala ya kwao wala ya Kenya.

*

Ukishalia vya kutosha, Mama Lorraine huwa anakupa kazi.

"Lishushe kwenye kamba. Lorraine, najua uko hapo, fungulia maji bafuni. Ya moto kabisa."

"Ya moto?" Elieth alishtuka.

"Nilipodhani maji ya moto ndiyo yametoa rangi, niliyakimbia. Nikasuuza kwa baridi, nikakausha. Kumbe ni rangi mbichi, haijawahi kutoka. Hiyo inatakiwa ilowekwe, maji moto na sabuni nyingi ya vyombo, mpaka rangi yote iliyozidi iishe, kabla nguo haijakauka. Ungenieleza Jumanne ningeitoa yote. Leo sijui. Tutajaribu."

Walilizamisha kwenye beseni la kuogea. Dakika kumi tu maji yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Wakayamwaga, wakajaza mengine. Wakaliacha usiku. Jumamosi asubuhi maji yalikuwa rangi ya waridi. Wakamwaga, wakajaza. Lorraine alikuja kushika upande wa pili, kwa sababu kwilti iliyolowa ni nzito kama mtu. Hakumtazama Elieth.

Mama Lorraine ndiye aliyeongea, mikono yake ndani ya povu.

"Lorraine, nilikulaumu bila kukuuliza vizuri. Nilikosea. Cherehani ni yako kuanzia sasa hivi."

"Maonyesho yalikuwa jana, Mum," Lorraine alisema.

"Najua."

"Basi."

Mchana wakampigia bibi, Tukuyu. Baba alishika simu, uso wa bibi ukajaa kioo, karibu mno, jicho moja na nusu.

"Bibi," Elieth alisema, "nimeharibu zawadi yako. Ile kanga nyekundu ya Mama imechuja."

"Ile nyekundu?" Bibi alisogeza simu. Halafu akacheka, kicheko kifupi kilichoishia pabaya. "Hata nusu yangu ilinichujia, mwanangu. Mashuka yangu mawili yakawa mekundu. Nilimpigia mama yako nikamwambia, hii kanga yako ni mkorofi, usiichanganye na kitu. Akanijibu, mimi ya kwangu siifui kabisa, Mama, inanuka nyumbani." Alifuta macho na ukingo wa nguo. "Ileteni hivyo hivyo. Nitaiweka na pacha wake."

Maji ya nne yalitoka meupe. Wakalikamua, wakalitandaza, wakaliwashia feni. Sehemu kubwa ya wekundu ilikuwa imekwisha. Sare ilirudi bluu, na doa la wino lilibaki mahali pake. Lakini kipande cheupe, chenye kiganja cha Gwakisa, kilibaki na wekundu hafifu ambao haukutoka tena.

"Hapa hapatoki?" Elieth aliuliza.

"Hapatoki. Palikauka na rangi siku tatu." Mama Lorraine alipapasa kiganja kile kwa kidole gumba. "Sikia, Elieth. Wewe ulisema neno la kweli ili nisijue ukweli. Huo ni uongo, tena mbaya, kwa sababu hata wewe mwenyewe unauamini. Na ona uongo huo ulikofika. Ulidhani unamlinda mama yako, kumbe ulimpaka Lorraine. Mimi nimekusaidia na doa la kwenye nguo. La Lorraine siwezi kukufulia. Hilo utalifua mwenyewe, na usidhani litatoka kwa maji ya kwanza."

*

Jumapili mchana Baba alipakia sanduku kwenye gari la jirani aliyekuwa anampeleka uwanja wa ndege. Kwilti hakuitia sandukuni. Aliikunja akaipakata, maneno yale NAKUKUMBUKA MAMA yakiwa juu.

Gwakisa aliweka mkono wake juu ya kiganja kilichodariziwa. Kitambaa kilikuwa kimenywea kwa maji ya moto, vidole vilizidi mstari wa bluu.

"Baba, ukifika utaangalia?" aliuliza, mara hii kwa Kiswahili.

"Nitaangalia nini?"

"Kama Mama alifika chini."

Baba alichuchumaa. "Nilikuwepo, Gwakisa. Nilishika kamba kwa mikono hii. Alifika. Tulimshusha polepole, akafika."

Gwakisa akatikisa kichwa kukubali. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka mwaka mzima, asikie kwa mtu aliyeshika kamba.

Gari liliondoka. Elieth alipogeuka, Lorraine alikuwa amesimama kwenye maegesho, hatua chache kutoka pale, mikono ndani ya koti.

"Lorraine," alisema. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Yote yakampotea. "Sikufua kanga. Nikakusingizia mbele ya mama yako. Nilijua si wewe. Kesho nitamwambia mwalimu kwa nini meza yako ilikuwa tupu. Nitasema mwenyewe."

"Na leso?" Lorraine aliuliza.

"Leso nilifua."

Midomo ya Lorraine ilitikisika kidogo, kama inataka kucheka ikakataa. Alitoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika mfuko mdogo wa plastiki, umefungwa, hewa yote imebanwa. Ndani kulikuwa na kipande chekundu, si kikubwa kuliko kadi ya basi, chenye madoa meupe mawili na nusu.

"Mum hatupi vipande," alisema. "Kilikuwa kwenye kopo. Hakijaguswa na maji. Sijui kama bado kinanuka. Sijafungua."

Elieth alikipokea kwa mikono miwili.

"Lakini bado nimekasirika," Lorraine alisema.

"Najua."

"Nimekasirika sana."

"Najua, Lorraine."

Lorraine alimtazama mara moja zaidi, akarudisha mikono ndani ya koti, akageuka, akaenda zake.